Kilio Kina Mwenyewe

Mwalimu wetu wa Kiswahili anatoka Tanga na bado hajaizoea baridi ya huku. Anafundisha na koti, zipu mpaka kidevuni, na mvua ikianza kupiga bati anasimama tu kuisubiri, maana hata akipaza sauti hatumsikii. Siku hiyo mvua ilimwachia nafasi. Akaandika ubaoni sifa za fasihi simulizi, na ile aliyoipigia mstari ni kwamba ni mali ya jamii nzima, haina mtunzi maalumu. Halafu akaomba mfano wa mbolezi, yaani zile nyimbo za kuomboleza wafu.

"Kile kilio cha chumvi," mtu akasema kutoka nyuma.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akapuliza vidole vyake.

"Haya, mfano mzuri. Nani alikitunga? Hatujui. Wa wapi? Hatujui. Lakini sote tunacho. Hiyo ndiyo mali ya jamii."

Mimi nilikuwa naangalia dawati. Aliyekitunga nilikuwa namjua. Asubuhi hiyo ndiye aliyenipa kiporo cha ndizi nile kabla ya kutoka nyumbani.

Sijawahi kunyoosha mkono darasani bila kuitwa. Nikimaliza kupanga sentensi kichwani, mada inakuwa imeshahama. Kwa hiyo niliandika kwenye daftari, "fasihi simulizi ni mali ya jamii", kama wenzangu, na mwandiko ukatoka mbaya.

Msemo wa chumvi ulikuja shuleni kwetu kama mafua. Mtu akikosekana kwenye kuitwa majina, ameenda kununua chumvi. Mpira ukipita katikati ya miguu ya kipa, kipa ameenda kununua chumvi. Mtu akipata maksi za aibu kwenye Hesabu, akili yake imeenda kununua chumvi na duka limefungwa. Hata mimi mwanzoni niliona unachekesha. Sikujua unatoka wapi, mpaka Jumapili moja baada ya ibada, jirani yangu wa dawati aliponionyesha kwenye simu ya kaka yake.

Ilikuwa video fupi. Mtu anakaanga samaki, paka anaruka, samaki hayupo. Chini ya picha kuna sauti ya bibi mzee analia kwa Kinyakyusa: mtoto wako ananiuliza, namwambia umeenda kununua chumvi. Sauti inapanda, inapasuka, inakatwa. Mtu alikuwa ameandika tafsiri ya hilo neno moja la chumvi kwa herufi kubwa na kuweka nyuso zinazocheka. Akanionyesha nyingine, ya mtu aliyeangusha ugali. Nyingine ya timu iliyofungwa. Picha tofauti, sauti ile ile.

"Huyu bibi ni noma," akasema. "Sijui wa wapi."

Wa kwetu. Nalala naye kitanda kimoja msimu wa baridi. Na aliyekuwa analiliwa ni mama yangu mdogo.

Nieleze kidogo, maana mtu asiye wa huku anaweza asielewe. Msibani kwetu wanawake wote wanalia, lakini wapo wachache wanaolia kwa maneno. Bibi ni mmoja wao. Haandai kitu. Anafika, anakaa na wenzake kwenye majani ya migomba, anaweka mkono kichwani, na maneno yanaanza kutoka yamejipanga: marehemu alikuwa nani, alipenda nini, anaacha nini. Watu wananyamaza kumsikiliza. Akimaliza hakumbuki alichosema. Anasema maneno ya kilio hayakai kwa anayelia, yanakaa kwa waliosikia.

Na maneno hayo yana mwenyewe. Nikiwa mdogo alikuja mama mmoja kutoka Mpuguso aliyefiwa na mwanawe wa kiume. Alikuwa amemsikia bibi kwenye msiba mwingine, yale maneno yakamkaa. Alikuja na kuku na maharage kwenye kikapu, akaomba alie nayo. Bibi alimpeleka kwanza kwenye nyumba ya yule aliyekuwa ameliliwa. Wenye nyumba wakakubali, kwa sharti lile la siku zote: ukiazima kilio unaanza kwa kumtaja mwenyewe. Unamwita yule wa kwanza kwa jina, ndipo unamwita wako. Ukimruka, ni kama umemfukua.

Mama mdogo alikuwa mtoto wa mwisho wa bibi. Aliugua, akalazwa hospitali ya Igogwe, akafariki akiwa na mtoto wa kike aliyekuwa anaanza kuunganisha maneno. Huyo mtoto tunaye sisi. Ni mdogo wangu, siwezi kumwita kitu kingine. Siku zile za hospitali alikuwa akiuliza mama yuko wapi, na bibi akawa anamjibu ameenda kununua chumvi. Lilikuwa jibu la kumlalisha tu. Baada ya mazishi likabadilika likawa "amesafiri", na mtoto naye akaacha kuuliza. Sasa yuko darasa la awali. Ameng'oka meno mawili ya mbele na siku hizi anafungua banda la kuku mwenyewe asubuhi, akisimama kwa ncha za vidole. Hakuna aliyewahi kumwambia. Kila mtu alikuwa anasubiri mwingine aseme, na bibi alikuwa ametuambia wote kwamba atasema yeye.

Ndiyo maana klipu ile haikunichekesha tena. Watoto wa awali na wa sekondari tunapita njia moja. Ilikuwa suala la muda tu, atayasikia hayo maneno, na atayasikia kama kichekesho.

Baada ya kipindi kile cha fasihi nilimfuata mwalimu mpaka mlango wa ofisi ya walimu. Nilisimama hapo muda mrefu, mpaka mwalimu mwingine akaniuliza kama nimetumwa chaki. Hatimaye akatoka mwenyewe.

"Unasemaje?"

"Kile cha chumvi, mwalimu."

"Enhe."

"Kina mtunzi. Ni bibi yangu. Alikuwa anamlilia mwanawe."

Nilitegemea aulize nina uhakika gani. Hakuuliza. Alifungua zipu ya koti kidogo, kama mtu aliyesikia joto ghafla, akanivuta kando ya ukuta tusilowe.

"Mimi juzi nilipoita majina si nilisema mtu fulani ameenda kununua chumvi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Halafu akaniambia kwamba vitabu vinasema hivyo vinavyosema, lakini huenda mwandishi wake hakuwahi kuketi msibani na kumwona anayetunga. Akasema mtu akitunga maneno, hata kama hajui kuandika na hakusaini popote, sheria inamhesabu kuwa mwenye kazi. Aliyepiga video anaweza kuwa na haki ya video yake, ila haki hiyo haimezi ya yule anayelia. Kuna haki ya kutajwa, na kuna haki ya kazi yako kutokatwakatwa mpaka ikakuvunjia heshima.

"Hiyo ya kukatwa," nikamwambia, "ndiyo yetu."

"Shida ni kwamba mtandaoni ukimkemea mmoja wanacheka mia. Utamshika nani? Anza na aliyerekodi." Akafunga tena zipu. "Na unisamehe. Umwambie na bibi, au usimwambie, utakavyoona."

Nilikuwa nimeamua nisimwambie bibi kitu. Simu yake ni ya tochi, nikasema moyoni hatajua. Nilidhani nina nafasi ya kufikiri. Sikuwa nayo.

Ilikuwa jioni, tunamenya ndizi jikoni, bibi na mimi, maji ya chungu yakianza kuchemka. Mdogo wangu akaingia kutoka kucheza, miguu ina tope mpaka magotini. Akasimama katikati, akaweka mkono kichwani, akapandisha sauti na kuimba kwa Kinyakyusa, vizuri kabisa, na ule mpasuko wa mwisho: mtoto wako ananiuliza, namwambia umeenda kununua chumvi. Halafu akacheka, akasubiri na sisi tucheke.

Kisu cha bibi kilisimama kwenye ganda.

"Nani amekupa hayo?"

"Watoto wa shule. Wanayo kwenye simu. Bibi, huyo analia kama wewe."

Bibi akanitazama mimi. Mtu asiyeongea anatazamwa kuliko wengine, maana wanajua jibu liko humo. Nikamweleza lote, maneno ya mwalimu, klipu, samaki, paka, ugali. Nilipofika kwenye ugali niliharakisha, kwa sababu ukiusimulia ni upuuzi mtupu.

Hakukasirika kama nilivyoogopa. Aliuliza jambo moja tu.

"Na jina lake wamelitaja?"

"Hapana, bibi. Wamekata."

"Wamekata kabla ya jina?"

"Wamekata kwenye chumvi."

Akaendelea kumenya. Baadaye sana, mtoto akiwa amelala, akasema, "Kesho ukitoka shule utanipeleka Tukuyu kwa yule kijana wa video."

Kijana huyo ana kibanda karibu na stendi. Anaweka nyimbo kwenye memori kadi, anauza makava ya simu, na wikiendi anapiga video za harusi, kipaimara na misiba. Wajomba ndio waliomwita kwenye msiba ule, ili ndugu walio mbali waone. Bibi alikwenda amevaa kitenge chake cha msibani. Nilimwuliza kama tubebe kitu, mkungu au hata maparachichi. Akasema, "Anayeomba ndiye anayebeba kuku. Mimi nakwenda kudai."

Kijana alipomwona aliinuka kitini. "Shikamoo, bibi. Karibu, karibu ukae."

"Marahaba. Wewe ndiye unayewachekesha watu kwa mwanangu?"

Rangi ilimpotea. Alikuwa anajua, ilionekana. Akaeleza haraka haraka: aliweka kipande kidogo tu kutangaza kazi zake, kwa sababu sauti siku ile ilitoka safi kuliko misiba yote aliyowahi kupiga. Alikata pale kwa kuwa watu mtandaoni hawana subira, wanataka kifupi. Mtu asiyemjua akachukua sauti, mwingine akachukua kwa huyo, na yeye mwenyewe hakuna aliyemtaja.

"Hata mimi wameniibia, bibi. Ile video ni yangu, niliisimamia juani tangu asubuhi."

"Kamera yako ndiyo iliyolia?"

"Hapana, bibi."

"Jua lilikuunguza, nakubali. Hilo jua ni lako."

Mteja aliyekuwa anasubiri memori kadi akageuka ukutani kuficha kicheko. Kijana akachukua simu, akasema anaifuta sasa hivi, bibi aone kwa macho yake. Bibi akamshika mkono.

"Ukifuta wewe, wale wa paka wanafuta?"

"Hao siwawezi."

"Basi atabaki wa chumvi peke yake. Mwanangu atakuwa kichekesho bila kichwa wala miguu." Halafu akanigeukia. "Sema lile ulilosema jana la mwalimu."

Sikuwa nimetegemea kuongea. Kibandani tulikuwa watu wanne na niliona kama mia. Nikasema nikiangalia makava ya simu, "Ana haki ya kutajwa. Na ana haki kisikatwe."

"Umesikia?" bibi akamwambia. "Ukiweke chote."

Kijana akakitafuta kwenye kompyuta. Alikuwa nacho kizima, hajafuta, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Akafungua. Nikaiona nyumba yetu, majani ya migomba, wanawake waliovaa khanga za sare, na bibi akiwa amenenepa kidogo kuliko sasa. Akaanza. Mwanangu wa mwisho, niliyekubeba mgongoni nikichuma chai. Mwanangu uliyekataa viatu mpaka ukaolewa. Sehemu hiyo nilikuwa nimeisahau, na bibi aliguna kama anayesikia habari ya mtu mwingine. Ikaja chumvi. Mtoto wako ananiuliza, namwambia umeenda kununua chumvi. Hapo sauti ikapasuka, pale wanapokatia.

Lakini iliendelea. Jua limezama, ananiuliza, namwambia huko dukani kuna watu wengi. Kwa sauti ya chini, karibu kuongea tu, akamwita mama mdogo kwa jina lake lote, la ubatizo na la ukoo. Sitaliandika hapa, lina mahali pake. Kisha akasema: nivumilie na uongo huu. Mtoto akilifikia komeo la banda la kuku, nitamwambia mwenyewe. Usitume mwingine.

Kijana akasimamisha. Huko nje kondakta alikuwa anaita Mbeya, Mbeya.

Bibi aliniuliza taratibu, kwa Kinyakyusa, kana kwamba hakuna mtu mwingine pale, "Nilisema hivyo?"

"Umesema, bibi."

"Na analifikia?"

"Analifikia. Toka wakati wa mahindi mabichi."

Akajifunga kitenge upya. Kijana akamletea maji ya chupa, akayashika bila kuyafungua. Ndipo wakakubaliana: kitawekwa chote, jina litaandikwa, na maneno yatatafsiriwa kwa Kiswahili chini ya picha, wale wanaocheka bila kuelewa waelewe. Kijana akasema Kinyakyusa chake ni cha mjini, hawezi. Wote wawili wakanitazama mimi.

Niliyaandika kibandani hapo hapo, kwenye nyuma ya bahasha ya picha za pasipoti. "Niliyekubeba nikichuma chai" halikunisumbua. "Nivumilie na uongo huu" lilinichukua muda, kwa sababu kwa Kinyakyusa ni neno la upole zaidi, analoambiwa mtu mliyezoeana. Mpaka leo sijalipata lake. Niliandika nilichoweza.

Kesho yake asubuhi ilikuwa Jumamosi yenye ukungu, hata migomba ya nyuma ya nyumba haionekani. Mdogo wangu alikwenda kufungua kuku kama kawaida. Bibi akamfuata. Mimi nilikuwa nafagia, nikaendelea kufagia pale pale palipokwisha safika.

Alinyoosha vidole, komeo likalia, kuku wakatoka wakisukumana. Bibi akakaa kwenye jiwe, akamvuta katikati ya magoti yake, akamwambia. Alitumia maneno ya kawaida. Mama yako alikufa. Hakwenda kununua chumvi, nilikudanganya. Amelala pale kwenye migomba, palipojengewa.

Mtoto hakulia mara moja. Aliangalia kule, ingawa kwa ukungu huwezi kuona kitu.

"Kwa hiyo yule analia kwenye simu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unamlilia mama?"

"Mama yako."

Hapo ndipo alipolia, na bibi akamwacha alie, kuku wakizunguka kutafuta mahindi ambayo hakuna aliyekuwa amewamwagia. Alipotulia bibi akamfundisha, tangu mwanzo, mstari kwa mstari. Alianza na jina, kwa sababu sasa alikuwa anakitoa kwa mtu. Mtoto akafuata. Kwenye chumvi alisita, akanitazama mimi, akaendelea.

"Sasa ni chako," bibi akamwambia. "Mtu akikitaka, akuombe wewe."

Wiki iliyofuata kijana wa video alikuja kwa bodaboda, na tetea mweupe mapajani amefungwa miguu. Bibi alimwelekeza kwa mwenyewe, kwa hiyo alilazimika kuchuchumaa mbele ya mtoto wa darasa la awali, akaomba ruhusa ya kukiweka chote. Mdogo wangu alimkagua yule tetea mbawa na miguu, ndipo akakubali.

Sitasema kwamba vichekesho vimekwisha. Yule paka bado anaruka. Lakini kile kizima nacho kinatembea, na watu wa mbali wanaandika chini yake kwamba walikuwa hawajui. Jirani yangu wa dawati aliangalia mpaka mwisho, halafu akaniuliza kwa nini sikumwambia siku ile ya Jumapili. Nikamwambia hakuniuliza. Akasema, "We naye," akanipa nusu ya andazi lake. Na mwalimu kwenye kipindi cha fasihi kilichofuata alituomba tufungue daftari, tuongeze mstari mmoja chini ya ile sifa: isipokuwa mtunzi akijulikana, aulizwe.

Juzi mdogo wangu alirudi kutoka shuleni akatukuta jikoni. Akavua begi, akachota maji, akanywa, akasema kama mtu mzima aliyetoka kikaoni:

"Kuna mwenzangu alikuwa anaimba cha chumvi. Nikamwambia ni changu, hujaniomba."

"Akasemaje?" bibi akauliza.

"Akaomba. Nikamwambia alete kuku."

Bibi alicheka mpaka akaweka kisu chini. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu msiba.

"Na kwao hawafugi kuku," nikasema.

Mtoto akafikiri. "Basi alete yai. Ila aanze na jina la mama."